Nimefungwa vyuma vya meno, nashindia uji. Nitakula lini?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, nafanya kazi ya kufungasha dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Wiki iliyopita nilifungwa vyuma vya meno, juu na chini. Siku ile sikusikia kitu, mchana nikala chipsi vizuri tu. Usiku ndipo nilipojuta. Leo ni siku ya nane, maumivu yamepungua lakini kutafuna siwezi. Meno ya nyuma daktari ameyawekea vidonge vya gundi ya buluu, nikifunga mdomo meno mengine yote hayakutani, kwa hiyo chakula nakimeza kizimakizima. Jino moja la mbele chini linacheza nikiligusa kwa ulimi. Nashindia uji wa sukari na soda. Mama anasema nivumilie mwezi mzima mpaka gundi ikauke. Wenzangu kazini wanasema nyama na samaki nisahau mpaka vyuma vitoke, na daktari alisema ni miaka miwili. Mchana nakula kwa mama ntilie, siwezi kumwambia anipikie changu. Nimeshapungua, suruali zinanivuka. Je, haya ni kawaida au kuna kitu kimekosewa? Nirudi vikatolewe?"

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili ya kitu kilichokosewa. Maumivu yaliyoanza usiku badala ya pale pale kitini, jino linalocheza kidogo, meno yasiyokutana: kila kimoja kina sababu yake, na nitakueleza. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kile ambacho wewe umekitaja kama nafuu yako, yaani uji wa sukari na soda kutwa nzima. Hicho ndicho kinachoweza kukuharibia meno kabla vyuma havijayanyoosha. Na hao wanaokuambia usahau samaki, ukiwa mwaloni Kirumba, wamekutisha bure.

Nianze na gundi, kwa sababu mama anakutakia mema lakini hapo ameteleza. Gundi inayoshika breketi, yaani vile vyuma vidogo vilivyobandikwa kwenye kila jino, hukaushwa kwa taa yenye mwanga wa buluu. Utakumbuka daktari alikumulika jino baada ya jino. Kila jino huchukua sekunde chache. Ulipoinuka kitini, gundi ilikuwa imeshashika. Kama magego yako yamevishwa pete, hizo hushikwa na saruji ya aina nyingine inayoendelea kukomaa kwa saa kadhaa, ndiyo maana wagonjwa wengi huambiwa siku ya kwanza wale vitu laini tu. Siku hiyo kwako imepita zamani. Hata ukikaa mwezi mzima na uji, gundi haitakuwa imara kuliko ilivyo leo.

Sasa maumivu. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna nafasi nyembamba sana, kama robo ya milimita, iliyojaa nyuzi zinazolishikilia jino na kulifanya libonyee kidogo unapotafuna. Waya ukilivuta jino, upande mmoja nyuzi hubanwa na upande wa pili hutanuka. Kule zinakobanwa, damu hupungua, mwili hutoa kemikali za uchungu, na baadaye zinakuja seli zinazoumega mfupa taratibu ili jino lipate njia. Kule zinakotanuka, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Wewe unaishi ziwani, umeona mti uliosimikwa kwenye tope la ufukweni: ukiusukuma kwa kishindo unavunjika, ukiuegemea kidogo kidogo kila siku tope linaupisha mbele na kujaa nyuma. Jino husogea hivyo, kwa wastani milimita moja hivi kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu huchukua muda mrefu, na ndiyo maana daktari akivuta kwa nguvu zaidi ili amalize haraka huumiza bila kuharakisha chochote.

Kemikali zile hazitoki papo hapo. Huanza kujikusanya baada ya saa chache, maumivu hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka mpaka wiki inapoisha. Chipsi zako za mchana zilipita kabla hayajaamka. Na ujue kabisa kwamba kila utakapokwenda kukaza au kubadilisha waya, yaani kila baada ya wiki nne hadi nane, utapata siku mbili tatu za namna hiyo hiyo, ila mara nyingi si kali kama za kwanza. Zipangie. Usiweke miadi ya kukaza vyuma siku moja kabla ya harusi ya dada yako.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu hawaambiwi. Waya wa mwanzo, ule mwembamba unaopinda sana bila kuvunjika, kwa kawaida ni wa mchanganyiko wa nikeli na titani, na aina nyingi za waya hizo huongeza nguvu zikipata joto na kulegea zikipata baridi. Kwa hiyo chai ya moto inaweza kukuzidishia mvuto, na maji ya baridi yakakupunguzia kwa muda. Maji ya baridi, nasema, sukutua nayo uyameze. Barafu yenyewe usiitafune, hiyo hung'oa breketi.

Kama bado unahitaji dawa, parasetamoli inatosha: kwa mtu mzima wa umri wako, vidonge viwili vya miligramu 500, nusu saa kabla ya chakula, na visizidi vinane kwa saa 24. Angalia usije ukameza na dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake. Najua duka la dawa watakupa diklofenaki kwa sababu "inakata haraka". Kwa mtu anayeshinda na uji tumboni siipendi, inachubua tumbo. Tena dawa za kundi hilo zikitumiwa mfululizo huzuia zile zile kemikali ambazo jino linazihitaji ili lisogee. Lakini katika siku ya nane, kwa maelezo yako, kinachokuzuia kutafuna si maumivu tena. Ni vile vidonge vya gundi ya buluu kwenye magego.

Vile havikuwekwa kwa bahati mbaya. Nadhani meno yako ya juu yalikuwa yanayafunika sana ya chini unapofunga mdomo. Daktari angebandika breketi za chini bila kuinua meno, kila ukitafuna ungekuwa unazigonga kwa meno ya juu, nazo zingebanduka moja baada ya nyingine, au zingekwangua meno ya juu. Kwa hiyo ameweka ngazi ndogo kwenye magego ili taya lisifunge mpaka mwisho. Ni gundi inayofanana na ile ya kuzibia meno, imepewa rangi ya buluu ili siku ya kuiondoa daktari aione vizuri asije akasaga jino lako pamoja nayo. Haitakaa miaka miwili. Kwa wengi huondolewa au kupunguzwa baada ya miezi michache, meno yakishapanda na kujipanga, na hata kabla ya hapo meno mengine huanza kukutana kwa sababu yanasogea.

Kwa sasa una sehemu mbili tu zinazogusana, kulia na kushoto, na ubongo wako umezoea kutumia meno mengi kwa mpigo. Ndiyo maana unahisi kinywa si chako. Hisia hiyo hupungua katika wiki ya pili na ya tatu, misuli ya taya ikishajifunza njia mpya, lakini haiwezi kujifunza kama unameza uji tu. Lazima uipe kazi. Na kumeza chakula kizimakizima ndiko kunakotakiwa kuisha leo: utapaliwa, tumbo litauma, na choo kitakuwa kigumu.

Fanya hivi. Usitumie meno ya mbele kung'ata chochote. Kazi yao ya kukata ihamishie kwenye vidole, kisu au kijiko. Kata kipande chenye ukubwa wa ncha ya kidole chako kidogo, kiweke kwa vidole moja kwa moja juu ya gego, pale penye buluu, kisha funga mdomo polepole na utafune kwa kupandisha na kushusha taya, bila kulivuta pembeni. Kipande cha kwanza kulia, cha pili kushoto. Ukibaki upande mmoja tu, misuli ya upande huo itachoka na utaanza kusikia maumivu mbele ya sikio. Chakula ulichokuwa unakimaliza kwa dakika kumi sasa kitachukua nusu saa. Hilo mwambie msimamizi wako mapema. Ni la wiki mbili tatu, si la daima.

Twende kwa mama ntilie. Umesema huwezi kumwambia akupikie chako, na mimi sioni haja. Karibu kila anachopika tayari kinakufaa, ila uchague sufuria. Sato wa kukaanga mkavu, ule wenye ngozi inayolia, mpishe kwa wiki hizi. Omba yule wa mchuzi au wa kuchemsha. Akishawekwa kwenye sahani, pitisha kidole kwenye mstari wa ubavu, ule unaogawanya samaki kutoka kwenye shavu hadi mkiani. Mnofu wa juu, upande wa mgongoni, unatoka wote kwa vipande vinene na mifupa yake ni michache. Mbavu ziko chini, tumboni. Kule wachie wenzako au ukuchambue mwisho ukiwa na muda. Kabla hujatia mdomoni, ubonyeze mnofu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwiba ambao zamani ungeukamata kwa ulimi sasa unaweza kujipenyeza kati ya waya na ufizi, na kuutoa hadharani ni shughuli. Sangara ni rahisi zaidi, mnofu wake ni mnene na mifupa yake mikubwa inaonekana. Ila mapanki, yaani yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, yakikaangwa yakawa makavu, hayo ni ya kuguguna, na kuguguna ndiko kusikowezekana. Supu yake kunywa.

Ugali hauna ubaya. Tengeneza tonge dogo kuliko ulivyozoea, lichovye sana kwenye mchuzi, uliweke nyuma. Ugali wa muhogo unanata kuliko wa mahindi na utauona umejaa kwenye breketi, hautazing'oa lakini itakubidi usukutue. Wali na maharage yaliyoiva mpaka yanapasuka ni chakula kizuri sana kwa mwanzo. Makande mpaka yaive kweli. Punje moja iliyobaki ngumu inatosha kubandua breketi, na mwenye kupika huwa hajui iko wapi. Ndizi za kupika, mtori, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, mlenda, parachichi, papai, ndizi mbivu, maziwa mgando: vyote hivyo ni halali yako tangu leo. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, usivitafune vikavu kama watu wanavyofanya njiani. Vichemshe mpaka vilainike, na karanga zake ziwe za kusaga, si nzima nzima.

Nyama pia unakula. Nyama ya mchuzi iliyochemka mpaka inachanika kwa vidole, ichane wewe mwenyewe kufuata nyuzi zake, halafu uikate fupi. Mishikaki na nyama choma ziache mpaka ufike mahali unatafuna chapati bila kufikiri, na hata hapo zikatwe vipande vidogo, pasiwepo mfupa wa kung'ata. Kwa wengi huwa ni mwezi wa pili hivi.

Na dagaa, maana ndiyo kazi yako na najua huwa unawatia mdomoni ukiwa kazini. Wale wakavu na wa kukaanga ndio wasumbufu: vichwa na miiba yao hukaa chini ya waya na kuchoma fizi, na ugumu wao si haba. Lakini dagaa waliolowekwa, wakasafishwa, wakachemshwa kwenye nyanya au karanga mpaka wakalainika ni chakula ambacho ningependa ukile mara nyingi. Samaki mzima anayeliwa na mifupa yake ana protini na kalsiamu nyingi, na mfupa wako sasa hivi unabomolewa na kujengwa upya kila siku. Unaweza hata kumwomba mama awatwange wawe unga, akuchanganyie kwenye mboga.

Vitu vya kuacha kabisa mpaka vyuma vitoke si vingi, lakini hivyo vichache sina mjadala navyo. Miwa. Mahindi ya kuchoma kwenye gunzi; ukiyataka mno, yapukuchue, na yawe machanga. Bisi, kwa sababu ganda la punje huingia kati ya jino na ufizi likakaa wiki nzima. Kashata, ubuyu wenye kokwa, pipi za kutafuna na chingamu. Mihogo mibichi na karanga za kukaanga. Embe na pera unakula, ila ukate minofu kwa kisu, usigugune kokwa. Tena kuna jambo ambalo si chakula, lakini kwa kazi yako ndilo nililoliwazia kwanza: ule uzi wa kushonea viroba. Watu wa kufungasha huukata kwa meno bila hata kujua wanafanya hivyo. Tembea na kiwembe au mkasi. Kifuniko cha soda ndiyo usithubutu.

Nimefika kwenye soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 39, karibu vijiko tisa vya chai, na juu ya hapo ina asidi. Lakini hata uji wa sukari kidogo huleta shida ukinywewa vibaya. Bakteria waliomo kwenye utando wa meno wakipata sukari hutengeneza asidi ndani ya dakika chache, na mate huchukua nusu saa mpaka saa nzima kuituliza. Mtu anayekula mara tatu kwa siku anayapa meno muda mrefu wa kupumzika. Wewe mwenye chupa ya uji pembeni, fundo moja kila baada ya robo saa, huyapi hata dakika moja. Na sasa kila jino lina breketi yenye kona ambazo ulimi na mate havizifikii. Madoa meupe kama chaki yanaweza kuanza kuonekana kuzunguka breketi katika wiki nne tu. Hayaumi, kwa hiyo hutajua. Siku vyuma vinatolewa, baada ya miaka miwili ya kuvumilia, unakuta meno yamenyooka na kila moja lina alama ya mraba katikati. Nimewaona vijana wakilia kitini kwa hilo, na hakuna ninachoweza kuwafanyia kikaifuta kabisa.

Uji si adui. Kunywa uji wa lishe asubuhi, uwekewe karanga za kusaga na maziwa, sukari kidogo sana au hakuna, umalize kwa kikao kimoja, usukutue kwa maji. Katikati ya milo kunywa maji. Soda kama huwezi kuiacha iwe mara moja moja, pamoja na chakula, na imalizike hapo hapo.

Kwa kupunguka, usihangaike sana kwa sasa. Katika siku nane sehemu ya ulichopoteza ni maji na tumbo lililokuwa tupu. Ukianza kula kama nilivyoeleza, kisha ukaongeza mayai mawili na parachichi kwa siku, suruali zitarudi zenyewe. Ikiwa mwezi umepita, unakula, na bado uzito unashuka, hapo si suala la meno tena; nenda ukapimwe.

Usafi nitausema kwa kifupi maana nadhani ulifundishwa. Mswaki laini, dawa yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, na uinamishe brashi ipite juu ya waya halafu chini ya waya. Baada ya chakula cha mchana kusukutua kwa maji kwa nguvu kunatosha mpaka ufike nyumbani. Mswaki wa mti kwa sasa hauwezi kufika nyuma ya waya, uweke kando. Kijiti cha kuchokonolea nacho hupinda waya mwembamba. Tafuta vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Kama vimpira vyako, vile vinavyoshikilia waya kwenye breketi, ni vyeupe, jua kwamba bizari ya kwenye pilau na mchuzi itavigeuza njano siku hiyo hiyo. Si uchafu, na vitabadilishwa kwenye miadi.

Vidonda vya ndani ya mashavu hukujavitaja, lakini ukianza kutafuna vinaweza kujitokeza. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, na breketi inayokwaruza uipake ile nta uliyopewa, ukiikausha kwanza kwa kitambaa safi ili ishike. Mpaka vipone, mwambie mama ntilie asikukamulie ndimu wala pilipili juu ya samaki.

Jino linalocheza: kwa kiasi unachokisikia kwa ulimi, hilo ndilo linalotarajiwa. Nyuzi zake zimetanuka na mfupa unapangwa upya. Acha kulijaribu. Kila ukilisukuma kwa ulimi unaliongezea mvuto mwingine usio kwenye hesabu ya daktari.

Umeuliza kama urudi vikatolewe. Vyuma ni vyako na mdomo ni wako. Hakuna daktari anayeweza kukulazimisha. Lakini usiamue katika wiki ambayo ni mbaya kuliko zote. Vikitolewa leo, meno yatarudi yalipokuwa, maumivu umeshayalipia, na fedha yako huenda usirudishiwe. Ngoja mpaka wiki ya nne, ukiwa unakula chakula cha kweli, ndipo ujiulize tena. Zipo sababu ambazo mimi mwenyewe ningezikubali. Kama kazi itakuhamishia visiwani kwa miezi mingi na hutaweza kuhudhuria miadi, au kama unajua moyoni kwamba hutapiga mswaki kila usiku, basi vyuma vinaweza kukuletea hasara kuliko faida, na ni heri useme mapema. Vifuniko vya plastiki vinavyovaliwa na kuvuliwa wakati wa kula vipo, ila ni ghali, havifai kila mpangilio wa meno, na vinamtaka mtu avivae karibu saa 22 kwa siku bila kudanganya. Zungumza na daktari wako kwa uwazi. Na kama ulikulia sehemu zenye maji ya floridi nyingi, Arusha kwa mfano au baadhi ya maeneo ya Shinyanga, meno yakapata rangi ya kahawia, mwambie hilo pia, maana kwenye meno hayo gundi hushika kwa shida na breketi zikibanduka si lazima uwe umekula vibaya.

Kuna mambo ya kurudi kliniki bila kungoja miadi, ingawa si usiku wa manane: breketi imebanduka au inazunguka kwenye waya, ncha ya waya inachoma shavu na nta haishiki, upande mmoja wa gundi ya buluu unagusana na mwingine haugusani kabisa, ambalo husawazishwa kwa dakika chache, kidonda kimezidi wiki mbili hakijafunga, bado huwezi kutafuna hata wali laini ikifika siku ya kumi na nne. Breketi iliyobanduka itunze uende nayo. Ukiimeza, mara nyingi hupita na choo bila madhara.

Mengine hayangoji kliniki ifunguliwe. Uso au taya likivimba, ukapata homa, usaha ukatoka kwenye ufizi, au midomo ikavimba pamoja na vipele mwilini, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapo Mwanza Sekou Toure na Bugando zote zina huduma ya meno. Kipande cha chuma kikipotelea kooni nawe ukaanza kukohoa mfululizo, kifua kikakoroma au pumzi ikawa nzito, usijaribu kukisukuma kwa ugali. Nenda dharura wakupige picha ya kifua. Na lile jino la chini, likianza kuyumba mpaka unaliona kwa macho kwenye kioo, au likageuka rangi kuwa la kijivu, lipige picha umtumie daktari aliyekufunga vyuma, kisha umpigie simu kabla hujaenda kazini.